Jinsi ya Kumwandika Mhusika Aliyefiwa

Kabla ya kumuua mtu yeyote katika hadithi yako, mwandike kwanza yule atakayebaki. Andika kurasa mbili tatu ambazo hazitaingia katika hadithi, ukionesha anavyoamka, anavyobishana, anavyozishika fedha zake, na kazi ipi ya nyumbani amezoea kumwachia mwenzake. Msomaji hatambui kilichobadilika ikiwa hakujua kilichokuwepo, na hadithi nyingi za msiba hukwama hapo, kwa kuwa mhusika huingia akiwa analia tayari.

Kisha chagua tabia moja ambayo msiba hautaing'oa. Tuseme ni mjane wa Mombasa, mwenye duka la vitambaa, mkali wa hesabu. Usimwondolee ukali huo, uhamishie kwingine. Matangani atahesabu sahani zilizoazimwa kwa majirani na kumkemea kijana aliyeunguza pilau ya hitima, na jamaa watanong'ona kwamba hana uchungu, ilhali msomaji ameshaona kwamba hesabu ndiyo kitu pekee kinachomtii siku hiyo.

Mabadiliko mengine huletwa na watu wanaomzunguka, nayo huandikika kwa urahisi kuliko yale ya moyoni. Mjane Mwislamu asiye mjamzito hukaa eda ya miezi 4 na siku 10, asijipambe, asijitie manukato wala asitoke bila haja, na Pwani huitwa kizuka. Hapo mwandishi amepewa kalenda na mgogoro kwa pamoja, maana lazima mtu mwingine afungue duka, na huyo mtu ataandika daftari kwa namna ambayo mwenye duka hawezi kuivumilia. Eda ikiisha, watu watamtarajia awe amepona. Mimi ningeanzia hapo sehemu ya pili ya hadithi, kwa sababu ruhusa ya kutoka humfikia mtu ambaye pengine bado hajataka kutoka.

Jihadhari na kumpandisha mhusika hatua tano za majonzi (kukana, hasira, kuomba mapatano, huzuni kubwa na kukubali), moja baada ya nyingine, kama ngazi. Kitabu cha daktari wa magonjwa ya akili Elisabeth Kübler-Ross cha mwaka 1969, zilikotoka hatua hizo, kilitokana na mazungumzo na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Ni baadaye ndipo zilipoenea kuwaeleza wafiwa. Linalomfaa zaidi mwandishi ni wazo la watafiti wa majonzi Margaret Stroebe na Henk Schut, la mwaka 1999, kwamba mfiwa huenda na kurudi kati ya kuukabili msiba wenyewe na kushughulikia maisha yanayoendelea. Kwa hiyo mjane wetu anaweza kuuza vizuri asubuhi nzima, akabishana bei na kushinda, kisha alasiri akashindwa kukunja kikoi kimoja kwa sababu ni cha rangi aliyoipenda marehemu. Usieleze sababu hiyo papo hapo ikiwa uliitaja mapema. Msomaji ataikumbuka mwenyewe.

Unaposahihisha, soma sura ya kwanza na ya mwisho bila kupitia zilizo katikati, ukitafuta maneno ya mhusika ambayo angeweza kuyasema katika sura zote mbili. Yakikosekana kabisa, umeleta mtu mpya na kumpa jina la zamani. Yakiwepo, tazama anamwambia nani sasa, na kama jibu analolipata ni lilelile.