Pima upepo wa tenki la presha likiwa tupu

Pampu yangu ilianza kulia "ta!" usiku. Mpangaji wa chumba cha uani akifungua koki anawe mikono, ta, inawaka. Akifunga, ta, inazima. Akisukutua, ta tena. Umeme wa pampu unapita kwenye mita yangu ya LUKU, ya kulipia kabla, kwa hiyo kila "ta" niliisikia mfukoni.

Fundi aliyekuja akasikiliza dakika mbili tu. "Mama, hii pampu imechoka, tununue nyingine." Nikamwambia ngoja kwanza. Pampu ilikuwa inasukuma maji vizuri mpaka bafu la mwisho. Kilichoisha ni upepo wa tenki la presha, lile pipa dogo jekundu la lita 24 lililoungwa kwenye pampu.

Ndani ya hilo pipa kuna mpira kama puto. Maji yanaingia kwenye mpira, upepo unakaa kati ya mpira na bati. Pampu ikisukuma, mpira unavimba na upepo unabanwa. Ukifungua koki, upepo huo ndio unaotoa maji huku pampu imepumzika. Upepo huvuja polepole wenyewe. Ukipungua sana, pampu inawaka kwa kila kikombe, na mota huumia zaidi pale inapoanza kuwaka.

Sasa nikuambie nilipokosea. Nilimwita kijana wa pancha wa hapa Kitunda aje na geji yake. Akapima: psi 28 (psi ni kipimo cha presha). "Mama, upepo umejaa." Nikampa buku yake akaenda, na usiku ta, ta, ta. Tenki lilikuwa na maji! Maji yakiwemo, yanaubana upepo mpaka presha zinalingana, na geji inakusomea presha ya maji. Nilipolitoa maji nikapima upya, psi 0.

Kwa hiyo anza hivi. Kabla ya kuzima chochote, fungua koki moja kidogo tu, usimame mbele ya geji ya pampu uutazame mshale unavyoshuka. Soma namba pale inapowaka, kisha funga koki usome inapozima. Yangu inawaka kwenye 1.4 na kuzima kwenye 2.8. Hizo ni bar, kipimo kingine cha presha. Geji ya tairi inasoma psi, na bar 1 ni kama psi 14.5, kwa hiyo yangu inawaka kwenye psi 20. Upepo wa tenki unatakiwa uwe psi 2 chini ya hapo inapowaka, basi mimi nataka 18. Yako ikiwaka kwenye psi 30, jaza 28. Usichukue namba ya jirani.

Zima umeme wa pampu. Halafu funga koki ya kutoka kwenye simtanki, lile tenki kubwa la plastiki la kuhifadhi maji, na hapa ndipo wengi wanasahau. Nyumba nyingi za huku maji ya kisima yanapanda kwanza kwenye simtanki mnarani, ndipo pampu ya presha iliyo chini inayavuta. Usipoifunga, maji yataendelea kushuka, na yale yaliyo juu yana uzito wake: mita 10 za maji ni karibu bar 1. Mnara wangu ni wa mita 3, hiyo peke yake ni psi 4 na ushee, inatosha kukudanganya.

Fungua koki ya chini kuliko zote. Kwangu ni ile ya karo la kufulia. Acha maji yaishe mpaka yabaki matone, na usiifunge mpaka umalize kujaza, maana mpira ukisukumwa na upepo utatoa maji yaliyosalia.

Kwenye tenki kuna kofia ya plastiki, na chini yake valvu kama ya tairi la gari. Ibonyeze kidogo kwa ncha ya msumari. Yakitoka maji, mpira umepasuka. Hapo weka pampu ya baiskeli pembeni, unahitaji mpira mpya, na unaingizwa kwa kufungua ile sahani yenye nati. Ukitoka upepo mtupu, endelea.

Nilitumia pampu ya baiskeli ya kusimama. Nilihesabu mikono hamsini nikapoteza hesabu, jasho linatiririka. Kompresa ya gereji ni rahisi zaidi lakini tenki dogo linajaa kwa sekunde, kwa hiyo tia kidogo, pima, tia tena. Ukipitiliza, toa. Upepo ukizidi pale pampu inapowaka, maji yanakatika kidogo bombani kabla pampu haijashtuka, kama mtu anayekohoa.

Paka povu la sabuni kwenye valvu. Ukiona vipovu vinaota, valvu inavuja, na kazi yote hiyo utairudia wiki ijayo. Rudisha kofia.

Fungua koki ya simtanki, acha ile ya karo wazi mpaka bomba liache kutema hewa, funga, ndipo uwashe umeme. Pampu ilipozima kwenye 2.8 nilizima tena umeme nikaweka ndoo ya lita 10 kwenye karo, nikakinga mpaka mshale ukafika 1.4. Ndoo ilibakiza vidole vichache kujaa. Kama lita 8 hivi. Wiki iliyotangulia nisingepata hata jagi.

Nimeandika 18 na tarehe kwa maka peni ubavuni mwa tenki, juu kidogo ya kutu, na nalipima kila miezi sita.