Unataka kufundisha uandishi wa kisheria na utetezi chuoni? Anzia hapa

Kwa Tanzania njia iko hivi, piga LLB (shahada ya kwanza ya sheria) na usicheze na GPA, yaani wastani wa alama zako, maana kuanzia 3.5 ndo mlango unafunguka, vyuo vingine wanataka 3.8 kabisa. Unaingia kama mkufunzi msaidizi, ukipata masta unakua mhadhiri msaidizi, PhD ndo inakupa uhadhiri wenyewe.

Ila kwa somo hili vyeti peke yake havitoshi jamani. Nenda Law School of Tanzania, uapishwe uwakili, simama mahakamani kidogo, maana huwezi kumfundisha mtu kuhoji shahidi kama we mwenyewe hujawahi kuhoji.

Darasani usikae unahubiri, waandikishe. Mfano kiapo cha maandishi (affidavit), yaani maelezo ya ukweli mtu anayoyaapia kwa ajili ya mahakama, wape kazi, alafu chukua kalamu nyekundu upite aya moja moja. Mwanafunzi kaandika "mjibu maombi alivunja sheria waziwazi", kata hapo, hiyo ni hoja sio ukweli anaoujua muapaji, na tangu kesi ya Matovu ya Uganda ya 1966 mahakama zetu zinafuta aya za hivo. Mrudishie aandike nini kilitokea, lini, na yeye kajuaje. Kusahihisha hivi kunachosha sana lakini ndo kazi yenyewe.

Utetezi wapeleke kwenye mahakama igizi (moot court), wanafunzi wanabishana kesi ya kubuni, yale mashindano ya haki za binadamu ya vyuo vya Afrika yapo toka 1992. Na wazoeshe kuandika Kiswahili pia, toka 2021 sheria imekifanya lugha ya mahakama.