Kuanzisha kitalu cha miti ya asili katika shule ya Nairobi

Kama ninyi ni shirika la uhifadhi linaloanzisha kitalu shuleni, anzeni na kalenda. Mvua ya masika huingia Nairobi mwishoni mwa Machi, na shule hufunga muhula wa kwanza mwezi wa Aprili. Wiki hizo chache ndizo za kupanda: ardhi imeloa, watoto wapo, na mvua itaitunza miche wakati wa likizo. Sasa hesabuni kurudi nyuma. Mukinduri (Croton megalocarpus) na muu (Markhamia lutea) huhitaji miezi minne hadi sita kitaluni, kwa hiyo mbegu zake ziingie udongoni Septemba, muhula wa tatu ukiwa umeanza. Muiri (Prunus africana), muthiga (Warburgia ugandensis) na mutamaiyu (mzeituni mwitu, Olea europaea) hukua polepole. Ipeni mwaka mzima. Shirika linalopeleka mbegu shuleni Februari litapanda miche mifupi isiyo na mizizi ya kuvuka ukavu wa Juni hadi Septemba.

Aina za miti zichaguliwe kwa udongo wa shule. Upande wa magharibi wa jiji kuna udongo mwekundu unaopitisha maji, na hapo aina zote tulizotaja hukubali. Embakasi na maeneo ya jirani yana udongo mweusi unaoshikana mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Huko mgunga wenye gome la manjano, Vachellia xanthophloea, hustahimili vizuri zaidi, ila una miiba: upandeni kando ya ua, mbali na uwanja wa michezo. Mukima (Grevillea robusta) na mkaratusi asili yake ni Australia, na jakaranda ni ya Amerika Kusini. Hatusemi ing'olewe, lakini haina haja ya kuongezwa na shirika la uhifadhi.

Muhugu (Brachylaena huillensis) uacheni kwanza. Ni mti wa thamani kubwa katika misitu ya Karura na Ngong, umekatwa sana kwa ajili ya vinyago, lakini mbegu zake nyingi hazioti, na watoto watakata tamaa.

Mkiokota mbegu wenyewe, zitoke kwa miti mama kumi au zaidi, iliyoachana kwa mita 50 hivi. Mbegu za mti mmoja huzaa miche ya ukoo mmoja, na ugonjwa ukiingia huipata yote. Ndani ya msitu wa serikali ombeni kwanza ruhusa ya Kenya Forest Service. Mkinunua kwa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu iliyoko Muguga, tajeni jina la kisayansi, maana majina ya kienyeji hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji.

Kila mbegu ina masharti yake, na hapa ndipo vitalu vingi vinapoharibikia. Tunda la mukinduri huwa na mbegu tatu. Livunjeni taratibu, mpande bila kuchemsha wala kuloweka. Muu una mbegu nyepesi zenye mabawa. Zifunikeni kwa mchanga mwembamba tu, na mnyunyize maji kwa kopo lenye matundu madogo, vinginevyo zitasombwa. Tunda la muiri lisuguliwe ndani ya maji nyama yake itoke, mbegu zikaushwe kivulini, kisha zipandwe mapema. Za muthiga hazivumilii kukauka kabisa: zitoeni kwenye tunda na mzipande papo hapo. Mutamaiyu una kokwa ngumu. Kateni ncha yake kwa koleo bila kugusa kiini, mloweke siku mbili katika maji baridi. Mgunga umwagiwe maji yaliyoepuliwa tu motoni, ukae humo usiku kucha. Mbegu zilizovimba zipandwe. Zilizobaki ngumu zikwaruzwe ubavuni kwa kikata kucha, zilowekwe tena.

Mchanganyiko wa udongo ni sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza na moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi. Miche 300 katika mifuko ya upana wa sentimita 10 na urefu wa sentimita 15 itachukua wilbaro tatu hivi. Mche ukipata majani mawili halisi, uhamisheni kutoka trei ya mbegu hadi mfukoni, jioni, mkiushika kwa jani. Mzizi ukijikunja ndani ya shimo, mti utakua vibaya na kuanguka miaka mingi baadaye, kwa hiyo mzizi mrefu ufupishwe kabla ya kuingizwa.

Miche midogo ikilala chini ghafla, shingo imenyauka na kuwa nyembamba, ni ukungu. Chanzo huwa maji mengi na kivuli kizito. Ondoeni iliyougua, punguzeni maji, mfungue neti ya kivuli hewa ipite. Baadaye, mizizi inapotokeza chini ya mfuko, inueni mifuko na kuikata kila wiki mbili. Mwezi mmoja kabla ya kupanda, ondoeni kivuli na kupunguza maji kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Maji ndiyo yanayoamua. Miche 300 hutumia takriban mitungi miwili ya lita 20 kwa siku ya jua. Ulizeni siku za mgao wa maji kabla ya kuchagua mahali, na tangi la maji ya paa lije kabla ya mbegu. Kwa likizo ya Novemba na Desemba, mlipeni mlinzi au mtunza bustani, malipo yakiwa kwenye bajeti tangu mwanzo. Ahadi ya mdomo haimwagilii.

Kitalu bila somo ni duka la miche. Kila kundi la watoto watano lipewe miche 30 na daftari la kuandika tarehe ya kupanda, siku mbegu ya kwanza ilipoota, na idadi iliyoota. Asilimia ni hesabu yao ya wiki. Pandeni trei moja ya mgunga usiolowekwa, watoto walinganishe wenyewe. Zoezi tunalolipenda zaidi ni hili: tandikeni kitambaa cheupe chini ya tawi la muu, mlitikise, mhesabu aina za wadudu, kisha mfanye hivyo chini ya mkaratusi. Mkiwapeleka Karura, msitu uliookolewa na Wangari Maathai na wenzake kwa kampeni iliyopamba moto mwaka 1999, wabebe maji katika chupa za chuma. Chupa za plastiki za matumizi ya mara moja zimepigwa marufuku humo tangu Juni 5, 2020.

Shimo liwe sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu ukitengwa na wa chini, kisha wa juu utangulie kurudi. Mfuko uondolewe wote na ukusanywe. Zungushieni nyasi kavu bila kugusa shina, na uzio mahali mbuzi wanapopita. Septemba hesabuni iliyo hai, mwandike aina na sababu ya kila kifo, mzibe mapengo kwa mvua ya vuli.