Dhoruba imeua mifugo? Anza hivi kudai fidia

Kama unafuga Marekani na dhoruba imeua ng'ombe wako, usikimbilie kuzika, kwanza toa simu piga picha kila mzoga, namba ya hereni sikioni isomeke na tarehe iwepo, maana bila ushahidi hulipwi kitu na hapo ndo wengi wanaumia, inauma sana kwa kweli. Kusanya na risiti za manunuzi, rekodi za chanjo, barua ya daktari wa mifugo. Halafu wahi ofisi ya Farm Service Agency ya kaunti yako, yaani shirika la serikali ya Marekani linalohudumia wakulima na wafugaji na ndilo linalolipa fidia hii, ukaripoti, usingoje mpaka usikie jirani kalipwa. Hesabu yao ni asilimia 75 ya bei ya wastani ya soko, sio bei unayoijua wewe. Kila fomu unayosaini, omba kopi.