Karatasi za mzee: jinsi ya kuziandaa kabla ya kuzikabidhi chuo kikuu

Mwongozo huu ni wa familia iliyobaki na chumba kizima cha karatasi za mhadhiri mstaafu au marehemu, ikazungumza na maktaba ya chuo kikuu, nao wakakubali kuzipokea. Nimeuandika baada ya kumsaidia dada mmoja hapa Dar es Salaam kuandaa karatasi za baba yake, mwanahistoria aliyeanza kufundisha miaka ya 1960. Wengi huniuliza yale yale aliyoniuliza yeye, kwa hiyo nayaweka hapa.

Kwanza ondoeni wazo kwamba chuo kinataka vitabu vya mzee. Vitabu vilivyochapishwa maktaba inavyo tayari, au inaweza kuvipata. Isichoweza kukipata kokote ni rasimu zilizokatwakatwa kwa wino mwekundu, madaftari ya utafiti, barua, mihtasari ya vikao, shajara, kanda za mahojiano na maelezo ya mihadhara. Hans Cory, Mwaustria aliyekuwa mwanasosholojia wa serikali ya Tanganyika na kufariki mwaka 1962, aliandika vitabu, lakini watu wanapokwenda kwenye mkusanyiko wake katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafuata zaidi miswada na maelezo yake ya mila na sheria za makabila.

Hatua ya 1: Msipange

Najua inavyowasha mikono. Mnaingia chumbani, mnaona vurugu, mnataka barua zikae na barua na picha na picha. Acheni. Vile mzee alivyoziweka ni ushahidi wa jinsi alivyofanya kazi, na ukishavuruga haurudi. Kanuni hii ina umri: Wafaransa waliagiza mwaka 1841 kwamba karatasi zilizotoka kwa mtu au ofisi moja zikae pamoja, na mwaka 1898 Waholanzi watatu, Muller, Feith na Fruin, wakaandika mwongozo uliosisitiza kuheshimu mpangilio wa awali.

Mfano wa karibu. Kwenye karatasi za mzee huyu kulikuwa na jalada la kahawia lililoandikwa "Mengineyo". Ndani yake kulikuwa na rasimu ya makala, katikati ya rasimu karatasi ya fulskepu yenye maelezo ya mazungumzo na mzee wa kijijini, na nyuma yake risiti ya basi la kwenda Songea. Mama mwenye nyumba akacheka: "Mwanangu, hata risiti za basi nazo zinakwenda chuo?" Nikamwambia, "Hii inakwenda, mama." Mazungumzo hayakuwa na tarehe wala mahali; risiti ilikuwa navyo vyote viwili. Laiti ingeondolewa kama takataka, au kuwekwa kwenye bahasha ya risiti, mahojiano yale yangebaki yanaelea.

Kwa hiyo: piga picha kila rafu na kila droo kabla ya kugusa kitu. Zipe herufi na namba (Kabati A, rafu ya 2, jalada la 5) na uandike namba hiyo kwa penseli kwenye kona ya jalada. Penseli, si kalamu ya wino, na si stika. Ukihamisha kitu kwenda boksini, namba inahama nacho.

Hatua ya 2: Usafi

Brashi laini kavu, chumba chenye hewa, barakoa. Toa pini, klipu za chuma zilizoshika kutu na raba bendi zilizoyeyuka. Karatasi zilizobanwa pamoja zibaki pamoja ndani ya karatasi nyeupe iliyokunjwa. Boksi lenye kuvu au mchwa litengwe siku hiyo hiyo, likae kivulini penye upepo. Jua kali linakausha, lakini linafifisha wino na kuikausha karatasi hadi ikatike. Usigandishe kitu kwa selotepu. Na atakayewashauri mkalaminishe barua ili "zidumu", mpeni chai na mbadilishe mazungumzo. Laminesheni huiyeyushia karatasi plastiki juu yake, na kuitoa tena bila kuijeruhi ni kazi ngumu hata kwa fundi.

Hatua ya 3: Toeni visivyo vyenu

Wahadhiri wa zamani walikuwa pia wajumbe wa tume, bodi na kamati, na mafaili yalikuwa yanarudi nao nyumbani. Jalada lenye namba ya wizara na muhuri wa siri si mali ya familia. Tanzania ina sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002, na jalada la serikali mahali pake ni serikalini au Nyaraka za Taifa. Litenge, liandike kwenye orodha, muulize mtunza nyaraka wa chuo lipelekwe wapi. Usilichome, tafadhali. Mitihani ya wanafunzi iliyosahihishwa, orodha za maksi na barua za kumpendekeza mtu kazini nazo zitengeni, kwa sababu zinawahusu watu ambao wengi wao bado wako hai. Hatuzitupi, zinaweza kukubaliwa kwa masharti ya kufungwa kwa miaka kadhaa.

Hatua ya 4: Orodha

Nunua kaunta buku. Ndiyo, eksel ipo, na mwishoni mtahamishia huko, lakini ukikaa sakafuni na vumbi mikononi, daftari haliishiwi chaji. Kila jalada mstari mmoja: namba, jina kama mzee alivyoliandika mwenyewe (hata kama ni "Mengineyo"), nani aliyeandika au kukusanya, miaka, unene, na kama ni boksi zima, jalada au karatasi moja. Hayo sita ndiyo kiwango cha kimataifa cha kuelezea nyaraka kinayahitaji kwa uchache, kwa hiyo mtunza nyaraka atawashukuru. Msiorodheshe karatasi moja moja. Mtachoka na mtaacha njiani.

Hatua ya 5: Barua zisizo na tarehe

Hapa ndipo muda unapoliwa, na ndipo sijawahi kuona mwongozo unaoeleza kwa mazingira yetu, kwa hiyo nitajitanua.

Mzee anaandikiwa na rafiki: "Jumanne, nyumbani." Basi. Miaka yote imo humo. Kabla ya kukisia, andika mipaka miwili kwenye daftari: barua hii haiwezi kuwa kabla ya lini, na haiwezi kuwa baada ya lini. Mara nyingi dalili utakayoipata inasogeza mpaka mmoja tu. Watu hukosea kwa kuiruhusu dalili ya namna hiyo isogeze yote miwili.

Anza na jina la nchi. Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na jina Tanzania likaja tarehe 29 Oktoba mwaka huo huo. Katikati, nchi iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Ukikuta barua ya ofisi yenye jina hilo refu, umepata dirisha la miezi sita, furahi. Ila angalia kama jina limechapwa na mwandishi mwenyewe ndani ya barua au limo kwenye karatasi yenye nembo. Karatasi za nembo zilitumika mpaka ziishe, wakati mwingine kwa kufuta jina la zamani kwa taipu na kuandika jipya juu yake. Nembo hukupa "si kabla ya". Haikupi "si baada ya".

Halafu jina la chuo. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani. Tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili. Mtu anayesema "nitapanda Mlimani kukuona" haandiki mwaka 1962. Mtu anayelalamika kuhusu mtahini wa nje kutoka London ni wa mwanzoni, lakini kuwa mwangalifu, kwani watahini wa kutoka nje waliendelea kualikwa miaka mingi.

Majirani nao husaidia. Zaire ni 1971 hadi 1997. Lourenço Marques ikawa Maputo mwaka 1976. Salisbury ikawa Harare mwaka 1982. Lakini wazee huendelea kuyataja majina ya zamani, hivyo jina la zamani ndani ya barua ni dalili dhaifu na jina jipya ni dalili nzito. TANU na Afro-Shirazi ziliungana kuwa CCM tarehe 5 Februari 1977. Anayetaja CCM yuko baada ya hapo, anayetaja TANU si lazima awe kabla. Anayetaja "Azimio" bila maelezo zaidi kwa kawaida anasema la Arusha, naye yuko baada ya Februari 1967, ingawa na maazimio mengine yalikuwepo, soma sentensi nzima. Shilingi haikusaidii: ya Afrika Mashariki na ya Tanzania iliyoanza mwaka 1966 zote ni shilingi.

Bahasha. Muhuri wa posta ni dhahabu ukisomeka, na stempu zenye majina Kenya, Uganda na Tanzania pamoja ni za zama za posta ya pamoja, kabla Jumuiya haijavunjika mwaka 1977. Tatizo ni kwamba watu hurudisha barua kwenye bahasha iliyo karibu. Linganisha mikunjo: barua iliyokunjwa mara tatu haikuja kwenye bahasha ndogo ya mraba. Anwani ya mtumaji nyuma ya bahasha ilingane na ya ndani. Kama hailingani, andika tu kwamba vilikutwa pamoja.

Tarehe zilizopo nazo zina mitego. Barua ya mwenzake wa Marekani yenye 3/4/68 ni ya Machi 4, si Aprili 3. Barua kutoka Zanzibar, Lamu au Mombasa inaweza kuwa na tarehe ya Hijria, na mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo usijumlishe 580 ukadhani umemaliza. Mwaka 1384, kwa mfano, unaanza Mei 1964 na kuishia mwanzoni mwa Mei 1965. Tumia jedwali, na hata hivyo acha nafasi ya siku moja au mbili, maana mwezi ulikuwa unaandama kwa macho na si kila mji uliuona usiku mmoja. Zaidi ya hapo, kwa mwandishi wa pwani aliyezoea kuhesabu siku kuanzia magharibi, "usiku wa Ijumaa" ni usiku ule ambao kalenda ya ukutani inauita Alhamisi. Nimeona barua mbili zilizoonekana kupingana juu ya mkutano mmoja zikapatana palepale jambo hili lilipoeleweka.

Kama mzee alikuwa na taipu, tafuta nakala za kaboni, zile karatasi nyembamba zinazochakarisha. Majibu yake mara nyingi yana tarehe na huanza "Nimepokea barua yako ya tarehe..." Nakala moja ya kaboni inaweza kukupa tarehe ya barua tatu.

Ukishapata, iandike kwenye jalada, ndani ya mabano ya mraba, pamoja na sababu: [kati ya Aprili na Oktoba 1964, jina la nchi]. Barua yenyewe usiiguse kwa kalamu. Sababu ndiyo muhimu kuliko tarehe, kwa kuwa atakayekuja baada yako ataweza kukubishia. Na barua ikikataa kabisa, andika "haina tarehe" na uendelee na nyingine.

Hatua ya 6: Picha na kanda

Kaeni na wazee wanaowajua watu kwenye picha, mapema, wakiwa na nguvu. Majina yaandikwe kwenye karatasi tofauti yenye namba ya picha. Negativu zinazonuka siki ziwekwe mbali na nyingine zote. Filamu yake inaoza na harufu yake huharibu jirani. Kanda za kaseti msizicheze kwenye redio ya zamani ili "kujaribu tu".

Kuhusu kuskani: simu nzuri kwenye stendi, mwanga wa dirisha, inatosha kwa nakala ya familia. Skana ya ofisini inayovuta karatasi yenyewe ikae mbali kabisa na karatasi za mwaka 1963.

Hatua ya 7: Hati ya makabidhiano

Msikabidhi kwa mdomo, hata kama mkuu wa maktaba alikuwa mwanafunzi wa mzee. Hati iseme ni zawadi au ni amana, nini kinafungwa na mpaka mwaka gani, visivyohitajika vitarudishwa au vitateketezwa, na familia itavionaje. Orodha ya kaunta buku iambatanishwe, kila ukurasa usainiwe na pande zote mbili, nanyi mbaki na nakala. Watoto wote wa marehemu wakubaliane kwanza. Chuo hakitaki kusuluhisha mirathi.

Hakimiliki msiisahau. Karatasi ya barua ni yenu, maneno ni ya aliyeiandika au warithi wake, na kwa sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 haki hiyo huendelea miaka 50 baada ya kifo chake. Mnaweza kutoa chuoni barua walizomwandikia marafiki zake; kumruhusu mtu azichapishe kitabuni si juu yenu.

Maboksi yajazwe kiasi cha mtu mmoja kuweza kuyabeba, karatasi zisimame bila kulegea wala kubanana. Kama ni masika, ngojeni siku ya jua, na yasipande nyuma ya pikapu bila turubai.