Omba Pikipiki Kabla ya Pingu

Kijana mmoja niliyefanya naye kazi katika ofisi ya probesheni huku Pwani ya Kenya, tukisimamia watu waliopewa kifungo cha nje, kabla sijastaafu, alinipigia simu wiki iliyopita. "Mama, tunataka kupeleka ombi Bungeni maafisa tuongezewe mamlaka na vifaa. Nimeandika rasimu, hebu niangalizie." Nikaangalia. Ukurasa wa kwanza: pingu. Wa pili: bastola. Wa tatu: vikuku vya kielektroniki vya kuwavisha wateja ili kujua walipo. (Tunaowasimamia tunawaita wateja, ndiyo, na watu hucheka.) Pikipiki niliikuta ukurasa wa tano, chini kabisa, imebanwa pamoja na wino wa printa.

Nilimwambia achane na rasimu hiyo kwanza, atafute daftari.

Daftari ndilo la kuanzia. Chukua lile la mistari, kurasa 200, ulijaze kila siku kwa miezi mitatu. Piga safu hizi: tarehe, namba ya faili (si jina, jina la mteja halitoki nje ya faili), kijiji, ulivyofika, nauli na nani aliyeilipa, ulimkuta au hukumkuta, kisha kilichotokea. Safu ya nauli usiione aibu. Mimi nina daftari kama hilo mpaka leo, na kuna siku moja imeandikwa hivi: "Jumanne. Faili 14. Mbele ya Bamba. Matatu, halafu boda boda, mfukoni mwangu. Hayupo."

Huyo wa faili 14 alikuwa ametoka Borstal, gereza la vijana, kwa leseni, yaani ameachiliwa kwa masharti, na nilitakiwa kumfuatilia. Gari la ofisi lilikuwa juu ya mawe kwa mwezi wa pili, likingoja matairi. Nilipofika nilimkuta nyanyake ameketi mlangoni anachambua mchicha. Alinitazama, akaendelea kuchambua. "Mwanangu, huyo ana wiki tatu hayuko. Yuko Mtwapa, anabeba mawe ya kujengea. Mimi nilidhani ni nyinyi mliomruhusu." Wiki tatu! Afisa mwenye bastola kiunoni naye asingejua, kama hana cha kumfikisha pale. Mstari mmoja kama huo ndani ya ombi lako una nguvu kuliko kurasa kumi za "changamoto zinazotukabili".

Ukimaliza daftari, soma sheria uliyonayo kabla ya kuomba nyingine. Sura ya 64, sheria yetu ya probesheni, ni fupi, utaimaliza kwa chai moja. Inampa afisa kazi ya kumtembelea mteja, kuhakikisha anafuata masharti, kuiarifu mahakama jinsi anavyoenenda, kumshauri, kumsaidia, kuwa rafiki yake, na ikibidi kumtafutia kazi. Maneno hayo ya kushauri, kusaidia na kufanya urafiki yalitoka kwenye sheria ya Uingereza ya 1907. Wapo wanaosema yamezeeka. Mimi naona bado yanafanya kazi, lakini tuyaache. Unachotakiwa kukiona ni kwamba mteja akivunja sharti, wewe humkamati. Unaiarifu mahakama, hakimu anatoa samansi au waranti, polisi ndio wanaokwenda. Pia mahakama inaweza kurekebisha amri ukiiomba, na nimeona maafisa wanaolia kwamba hawana mamlaka ilhali hawajawahi kuomba marekebisho hata mara moja.

Halafu onyesha jinsi kazi ilivyokua. Hapa usiwe na haya, orodhesha miaka. 1998 tulipewa amri za huduma kwa jamii. 2014 ikaja sheria ya kuwalinda waathiriwa, na kauli zao mara nyingi ni sisi tunaokwenda kuzichukua. 2015 ukaja mwongozo wa dhamana, mahakimu wakaanza kutaka ripoti ya dhamana kutoka kwetu. Desemba 2017 Mahakama ya Juu ikaamua kesi ya Muruatetu, kwamba jaji halazimiki tena kumhukumu kifo kila aliyeua kwa kukusudia, na mafaili yakarudi mahakamani kwa hukumu mpya. Kila faili lilidai safari ya kijijini: kwa familia ya mfungwa, kwa familia ya marehemu, kwa chifu. Ukipanga miaka hiyo upande mmoja na idadi ya magari ya kituo chako upande wa pili, mbunge ataelewa bila wewe kupandisha sauti.

Sasa mamlaka. Omba moja tu, jembamba, lenye kisa nyuma yake. Changu ni hiki. Mteja alimjeruhi jirani yake kwa ugomvi wa mpaka wa shamba, akapewa kifungo cha nje kwa sharti akae kwa mjomba wake, wilaya nyingine, asisogee kwa yule jirani. Mwezi wa nne akaanza kuja usiku na kusimama kwenye ua, kimya. Hakugusa mtu. Kituo cha polisi wakaniambia, "Madam, hakuna kosa la kuandika kwenye OB," yaani daftari lao la matukio. Kutoka siku niliyoandika barua mpaka waranti ikafika mikononi mwa polisi zilipita siku 11, na jirani alilala kwa dada yake siku zote hizo.

Kwa kisa hicho ombi linajiandika lenyewe: afisa akiwa na sababu za maana kuamini kwamba sharti la kumlinda mwathiriwa limevunjwa, aandike notisi na kuitia sahihi, polisi wamshike mteja kwa notisi hiyo, na afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 kama Kifungu cha 49 cha Katiba kinavyotaka. Hapo hakuna pingu mkononi mwa afisa. Ongeza kwamba taarifa ya kuvunja sharti iweze kupelekwa kwa mfumo wa mtandaoni ambao Mahakama tayari inautumia kusajili kesi.

Usiombe kupekua nyumba za wateja bila hati. Kifungu cha 31 kitakurudisha nyumbani. Na kwa kila mamlaka unayoomba, jiulize swali la Kifungu cha 24: hakuna njia nyepesi zaidi ya kufika palepale? Usipolijibu wewe, wakili wa upande wa pili atalijibu.

Kwenye vifaa, andika gharama ya maisha yote ya kifaa, si bei ya dukani. Pikipiki ni pamoja na mafuta, bima, kofia mbili, sevisi, na mafunzo ya kuiendesha, maana wengi wetu hatujui. Maafisa wa kujitolea, wale wazee na kina mama wa kijijini wanaotusaidia, waombee muda wa maongezi na kitambulisho. Ni pesa kidogo mno, na angalikuwepo mmoja karibu na yule nyanya, ningalijua siku ya pili.

Vikuku sivipingi. Ila andika ukweli wake: kikuku kinataka chaji kila mara na mtandao usiokatika. Mteja wangu wa Ganze alikuwa akilipia chaji ya simu dukani, mwendo wa nusu saa. Kikizima, ni nani amevunja sharti, yeye au stima? Tena kinakusanya habari za mtu mchana na usiku, kwa hiyo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakuhusu. Omba majaribio mjini kwanza.

Bastola ifute. Najua vijana mtaniambia kuhusu California, ambako maafisa wa parole, wanaosimamia wafungwa walioachiliwa kwa masharti, hutembea na silaha. Uingereza hawabebi, na kazi inakwenda. Mimi niliingia mangwe, kule kunakonywewa mnazi, mara nyingi kumtafuta mteja aliyekatazwa pombe, nikavutiwa kigoda, nikaambiwa alikojificha. Ningeingia na bunduki ningeambiwa nini?

Kuhusu utaratibu: anza na barua kwa wakuu wako, na uhifadhi nakala iliyopigwa muhuri, kwa sababu sheria ya maombi ya 2012 inataka useme kama umeshajaribu kwa ofisi husika na ulijibiwaje. Useme pia kama jambo liko mahakamani. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili au Kiingereza, kwa lugha ya heshima, mada iandikwe kila ukurasa, mwishoni useme wazi unachotaka Bunge lifanye, na waombaji waweke majina, anwani, namba za kitambulisho, na sahihi au dole gumba. Nenda kwa yule jirani, kwa chama cha boda boda, kwa chifu. Sahihi zao si za maafisa wanaojiombea.

Angalia na kalenda. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili. Ombi la pikipiki linaloingia Juni limekuta sahani zimeoshwa.

Jambo la mwisho, kijana wangu: ile rasimu umeikatakata kwa kalamu nyekundu na kuongeza maneno pembeni. Ombi lenye kufutafuta halipokelewi. Chapa upya.