Mashua mpya inavuja: jinsi ya kudai waranti mpaka chanzo kipatikane

Tone la kwanza lilidondoka juu ya meza ya ramani siku ya tisa baada ya kukabidhiwa mashua. Tone moja tu, chini ya dirisha la kushoto. Nililipangusa kwa kiganja nikidhani ni kikombe changu. Wiki tatu baadaye ubao wa ukutani ulikuwa na doa la rangi ya chai, upana wa sahani, na mashua bado inanukia kiwanda. Kulimaliza doa hilo kulichukua miezi 11 na mafundi watatu. Naandika haya ili yako yaishe mapema zaidi.

Nakusisitizia hili kuliko yote: usidai doa liondoke, dai chanzo kipatikane. Fundi anayeziba pale maji yanapotokea bila kujua yanapoingilia anakula muda wako, na kwenye waranti muda ndio mali.

Siku ya makabidhiano

Usikubali makabidhiano ya saa moja, funguo na picha ya pamoja. Omba siku nzima. Kwenye mkataba iwe imeandikwa mapema kwamba sehemu ya malipo itabaki kwako mpaka orodha ya kasoro imalizwe. Ukishalipa yote unakuwa mteja mmoja kwenye foleni ndefu.

Beba tochi, kioo kidogo cha mkononi, bisibisi, nyundo ya plastiki, ndoo na karatasi nyeupe ya chooni. Anzia chini. Inua kila ubao wa sakafu utazame ngama, yaani shimo la chini kabisa ambako maji hukusanyika. Kwangu nilikuta vumbi la faiba, vipande vya waya na parafujo mbili. Wajenzi hukata na kutoboa mpaka siku ya mwisho, na mabaki yote huangukia huko. Usiyadharau, maana ndiyo yatakayoziba chujio la pampu siku maji yakiingia kweli. Safisha, kisha mimina ndoo ya maji ndani ya ngama uone kama boya la pampu linainuka na kuiwasha lenyewe, na kama maji yanatoka nje. Mwisho kausha kabisa, tandika karatasi ya chooni sehemu nne tano, uiache usiku kucha mashua ikiwa majini. Karatasi iliyolowa itakuonyesha pa kuanzia.

Vali zote zinazopita kwenye bodi, yaani mwili wa mashua, zifungue na kuzifunga kwa mkono wako mwenyewe. Vali iliyo ngumu ikiwa mpya haitalainika ikishashika chumvi. Uliza, kwa maandishi, zimetengenezwa kwa madini gani. Shaba yenye zinki nyingi hupoteza zinki yake polepole ndani ya maji ya chumvi, ikabaki na rangi ya waridi na kumong'onyoka kama biskuti. Kila mpira ulio chini ya usawa wa maji uwe na klipu mbili kila upande pale panapotosha, na kila klipu uikaze kwa bisibisi. Mimi niligusa klipu 22, tano zikageuka nusu duara kabla ya kukaza. Nyuma ya paneli ya umeme vuta kila waya taratibu. Uliobanwa sawasawa hautatoka.

Nyufa ndogo za jelikoti, ile ngozi ya nje inayong'aa juu ya faiba, na vitundu vya hewa kwenye kona kali zitakuwepo. Zipige picha, ziandike, usizigombanie wiki ya kwanza. Ufa wa kutilia maanani ni ule unaotawanyika kama nyota kuzunguka msingi wa nguzo au bolti, kwa sababu unaonyesha kwamba sitaha inapinda pale au imewahi kugongwa.

Mkuku

Mashua ikiwa juu ya nchi kavu, tazama mahali mkuku, ule uti mzito ulio chini ya mashua, unapoungana na bodi, hasa mbele. Mstari mwembamba kwenye rangi unaweza kuwa ni rangi tu. Lakini maji yakiendelea kuchuruzika kwenye ungio hilo saa kadhaa baada ya mashua kutolewa majini, au kukiwa na kutu kuzunguka nati za bolti za mkuku ndani ya ngama, usisafiri mpaka mtu anayejua afungue na kukagua. Ndani, angalia pia mataruma (mbavu) ya faiba yaliyogandishwa kwa gundi sakafuni. Pitisha ukucha kwenye ungio. Ukucha ukizama, hiyo si kasoro ya urembo.

Hapa sibembelezi mtu, kwa sababu ya Cheeki Rafiki. Mei 2014, ikirejea Uingereza kutoka Antigua, mashua hiyo ilipoteza mkuku wake katikati ya Atlantiki na mabaharia wote wanne wakapotea. Haikuwa mashua mpya. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza walieleza kwamba huenda kugusa chini mara kadhaa na matengenezo yaliyofuata vilidhoofisha muundo pale mkuku uliposhikiliwa. Kwa mwenye mashua mpya nachukua mambo mawili. Piga picha za ungio hilo siku ya kwanza, uwe na cha kulinganishia. Na ukigusa mwamba, sema. Waranti haitalipia, lakini kuficha kutakufanya usafiri na watu juu ya kitu usichokijua.

Kuyafuata maji

Fundi wa kwanza aliniambia kwa simu, kwa upole kabisa: "Mama, hilo ni jasho tu. Mashua mpya zote hutoa jasho." Basi nikachovya kidole kwenye tone nikaonja. Lilikuwa na chumvi. Mvuke unaoganda ukutani hauna chumvi, wala maji ya tangi, wala ya mvua, labda yapitie kwenye chumvi iliyokauka sitahani. Nilimpigia tena nikamwambia limeonjwa, na wiki hiyo hiyo akaja. Kipimo hiki hakigharimu kitu. Usionje tu maji yanayonuka dizeli au yaliyo karibu na choo.

Alipaka silikoni kuzunguka dirisha. Wa pili naye akapaka silikoni juu ya silikoni. Doa likarudi mara zote mbili, mara ya pili likiwa kubwa zaidi.

Kabla ya kumwita wa tatu nilifanya kazi ambayo ningepaswa kuifanya mwanzo. Unahitaji watu wawili, mpira wa maji na poda ya mtoto. Ndani, ondoa vibao vya dari vinavyoondoka kwa parafujo bila kuvunja kitu, na nyunyiza poda nyembamba kwenye faiba iliyo wazi. Nje, mmoja amwagilie polepole, bila shinikizo, akianzia chini na kupanda juu, sehemu moja kwa dakika kumi. Ukianzia juu maji yatateremka na kulowesha kila kitu, usijue yaliingilia wapi. Aliye ndani akae na tochi kimya.

Dirisha: dakika kumi, poda kavu. Reli ya kushikia: kavu. Nguzo ya tatu ya uzio wa sitaha, kuhesabu kutoka omo (mbele ya mashua): dakika ya nne, mstari mwembamba wa kijivu ukaanza kuchora ndani ya poda. Nikaufuata kwa tochi. Ulitembea kati ya sitaha na dari mita moja na nusu kuelekea tezi (nyuma ya mashua), ukakutana na fremu ya dirisha, ukashuka. Nguzo ina bolti nne. Tatu zilizungukwa na gundi nyeusi ya kuzibia, ya nne ilikuwa uchi. Kwa kioo niliona ukingo wa tundu lake, na mbao ya balsa iliyopaswa kuwa na rangi ya nyasi kavu ilikuwa ya kahawia, imevimba.

Hapo ndipo kasoro ndogo inapogeuka kubwa. Sitaha nyingi za faiba hujengwa kwa ngozi mbili ngumu, na katikati mbao nyepesi au povu gumu. Maji yakifika katikati hayana pa kutokea. Pigapiga sitaha kwa nyundo ya plastiki kuanzia mahali unapojua ni pazima. Penye uzima panalia kavu na kali. Palipooza au palipoachana panalia zito, kama kugonga kitabu. Zungusha penseli kwenye mpaka wa sauti, upige picha pamoja na rula.

Tengenezo la haki, na ndilo nililolidai kwa maandishi, ni hili: nguzo ing'olewe, mbao iliyolowa ichimbuliwe mpaka ikutane na iliyo kavu, pakaushwe, tundu lijazwe epoksi na kuachwa ligande, kisha litobolewe upya katikati ya epoksi hiyo ili bolti isiguse mbao tena. Halafu gundi, bolti, na bamba la chuma chini yake. Dai pia nguzo zote nyingine zikaguliwe. Mkono uliosahau bolti moja ulifunga na zile nyingine. Kwangu walikuta mbili zaidi.

Nani anawajibika, na kwa maandishi gani

Waranti ya mashua si karatasi moja. Bodi na muundo mara nyingi zina muda mrefu kuliko vifaa vidogo. Injini ina waranti yake kutoka kwa mtengenezaji wake, na matanga, pampu, vyombo vya umeme na nyaya za mlingoti vivyo hivyo. Zikusanye zote, na kwa kila moja andika tarehe ya kuanza, tarehe ya kuisha na masharti. Injini nyingi hutaka huduma ya kwanza baada ya saa 50 hivi za kazi, na ukiiruka unawapa sababu ya kukukatalia. Nyaya za mlingoti hulegea baada ya safari za mwanzo na hukazwa upya, hivyo usiziandike kama kasoro.

Simu haziachi kumbukumbu. Ukishazungumza, andika barua pepe siku hiyo hiyo. Kila kasoro iwe na namba yake na isibadilike mpaka mwisho. Ya kwangu iliandikwa hivi:

"Kasoro namba 4. Mashua yenye namba ya bodi (iliyochongwa tezini, kulia). Maji ya chumvi yanaingia kupitia bolti ya nyuma ya nje ya nguzo ya tatu kushoto. Yameonekana kwa kumwagilia, picha na video zimeambatishwa. Kiini cha sitaha kimelowa, eneo la sentimita 20 kwa 15. Hili limesharekebishwa mara mbili dirishani bila mafanikio. Naomba maelezo ya tengenezo, tarehe ya kuanza, na uthibitisho kwamba sehemu itakayotengenezwa itakuwa na waranti tangu siku itakapomalizika."

Sentensi ya mwisho usiiache. Itume kwa wakala aliyekuuzia na nakala kiwandani, kwa sababu wakala anaweza kuwa anasubiri ruhusa ya kiwanda kabla ya kulipa fundi.

Na usitengeneze mwenyewe kabla hawajaona. Najua inavyouma kukaa na tundu lililo wazi. Zuia madhara tu: funika kwa utepe, weka chombo chini, kausha, piga picha. Ukichimba mwenyewe umefuta ushahidi. Kama ni hatari, mfano vali inayovuja, tengeneza mara moja, lakini hifadhi kifaa kibovu kwenye mfuko wenye tarehe.

Wakikwama kwenye kasoro ya muundo, mlipe mkaguzi wa kujitegemea, asiyefanya kazi na wakala wala kiwanda. Ripoti yake ya kurasa sita ilifanya kwa siku nne kile ambacho barua zangu hazikufanya kwa miezi miwili.

Miezi miwili kabla ya muda kuisha

Itoe mashua majini. Tikisa usukani kwa mikono miwili, kushoto kulia kisha juu chini, na usikie kama unagonga ndani. Zungusha rafadha (pangaboi la kusukuma mashua), kagua vali kwa nje, pitia tena mkuku na picha za siku ya kwanza. Tuma orodha ya mwisho kabla ya tarehe, na usitulie mpaka wamejibu kwamba wameipokea.

Yangu ilikuwa na vitu saba. Sita vimekwisha. Cha saba ni usukani, unacheza milimita tatu kwenye bushi ya chini, yaani pete inayoshikilia mhimili wake. Fundi anakuja Jumatatu na bushi mpya, na nimemwomba anionyeshe ya zamani kabla hajaitupa.